Jibu la Hana

Tafakari ya juma hili: 1 Samweli 1:9–18

Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha na watu wakawa wanasalimiana nje chini ya mkaratusi, mama mmoja alibaki ndani, kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Ni binti wa huku huku Kisa. Nilimfundisha katekisimu akiwa msichana. Sasa ana watoto wawili, anaishi Nairobi, na alikuwa amerudi Khwisero kumzika senge yake, yaani shangazi yake. Ameniruhusu kuyaandika haya, mradi nisimtaje yeye wala hospitali.

Miaka miwili iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Hakuutafuta kwa ajili ya urembo. Kisukari kilikuwa kimemshika, presha iko juu, magoti yamekataa ngazi, na usiku pumzi ilikuwa ikimkatika usingizini mpaka mumewe amwamshe. Waliompasua walimhudumia vizuri na uzito ukashuka. Lakini miezi ya karibuni vidole vya mikono na miguu vimekuwa vikifa ganzi, anachoka kabla jua halijapanda, na akisimama ghafla kizunguzungu kinamshika. Siku mbili kabla ya mazishi akaona asingoje kurudi Nairobi. Akaingia hospitali fulani mjini, akapanga foleni tangu asubuhi.

Daktari alisoma faili, akamtazama juu mpaka chini, kisha akamuuliza, mbele ya nesi na wanafunzi wawili, kama kufunga mdomo kulimshinda hata akaona afadhali akatwe tumbo. Wanafunzi waliinamisha vichwa. Akamwambia shida hizo amejitakia, arudi kwa hao waliomkata. Hakumgusa vidole. Hakuagiza damu ipimwe. Mama yule alichukua mkoba wake akatoka, akapanda matatu, akashuka Khumusalaba na kumaliza safari kwa bodaboda, akilia ndani ya leso yake ili mwenye pikipiki asimsikie.

Aliponimalizia habari hiyo akasema, "Mchungaji, hospitali mimi sirudi tena. Afadhali nife na heshima yangu."

Maneno hayo yamenikaa kifuani juma zima.

Ndugu zangu, someni tena habari za Hana kule Shilo. Tumezoea kuihubiri kwa akina mama wanaotafuta mtoto, na ni sawa. Lakini katikati yake kuna mazungumzo mafupi kati ya mtu mwenye uchungu na mtu mwenye cheo, na hayo ndiyo ninayotaka tuyakalie leo. Hana amekuja kwenye sikukuu. Mumewe amempa fungu lake la nyama, naye hawezi kula. Mke mwenzake, Penina, amemchokoza mwaka baada ya mwaka. Anaondoka mezani, anakwenda kuomba, na kwa kuwa uchungu wake umezidi sauti, midomo inacheza tu. Eli kuhani ameketi kwenye kiti chake mlangoni. Anamwangalia mdomo. Anaamua kwamba huyu amelewa, na anamkemea.

Eli hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitisha. Alikuwa kuhani wa miaka mingi, na bila shaka alikwisha kuona walevi wengi katika sikukuu za namna ile. Uzoefu wake ndio uliomponza. Alimtazama mtu mmoja akaona kundi. Daktari yule naye, nadhani, alikwisha kuona wagonjwa wengi wanaoambiwa wapunguze uzito wasipunguze, na mama huyu alipoingia hakumwona yeye, aliwaona wale.

Hana alikuwa na njia mbili zilizo rahisi. Angeweza kumrudishia Eli matusi. Kitabu hicho hicho kinatuambia baadaye, katika sura ya 4, kwamba Eli alikuwa mzee na mzito wa mwili. Jiwe la kumpiga nalo lilikuwepo. Au angeweza kunyamaza, akaubeba uchungu wake kurudi nao Rama, asikanyage Shilo tena. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimwita kwa heshima ya cheo chake. Alikataa waziwazi lile neno alilopewa. Alieleza yaliyomo moyoni mwake kwa kifupi. Kisha akamwomba asimhesabu miongoni mwa wanawake wasiofaa. Heshima haikumzuia kukataa, na kukataa hakukumwondolea heshima. Sisi tuliolelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa tumefundishwa nusu ya kwanza tu, na vijana wetu wengi sasa wanaijua nusu ya pili tu.

Naye Eli akabadilika papo hapo. Hakutafuta kujitetea. Alimruhusu aende kwa amani na kumwombea apewe haja yake. Kuhani mkuu alisahihishwa na mwanamke asiye na cheo chochote, na akasahihishika.

Sasa nataka niseme kwa nini neno la mama yule, kwamba harudi tena hospitali, limeninyima usingizi. Kuna magonjwa ambayo mtu akidharauliwa akaenda zake, mwili wenyewe hupona polepole. Hali ya mtu aliyepunguzwa tumbo si hiyo. Katika upasuaji wa aina moja, sehemu kubwa ya tumbo, kama robo tatu au zaidi, hukatwa na kuondolewa, likabaki kama mfereji mwembamba. Katika aina nyingine, iliyoanzia Marekani mwaka 1966 kwa daktari Edward Mason wa Iowa, hutengenezwa kifuko kidogo cha kuweza kushika vijiko viwili vikubwa vya maji, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo wa mbele zaidi. Mtu hushiba haraka. Lakini pia mwili wake hauvuni tena vitu vyote kutoka kwenye chakula kama zamani. Tumbo ndilo linalotoa kitu kinachouwezesha mwili kuipokea vitamini B12, na tumbo likipungua, kitu hicho nacho hupungua. Upungufu huo haupigi hodi. Akiba iliyo kwenye ini inaweza kumbeba mtu mwaka, hata miwili na zaidi, kisha vidole vinaanza kufa ganzi, miguu inakosa uhakika, kumbukumbu inayumba. Ukicheleweshwa sana, mishipa ya fahamu iliyoharibika huenda isirudi kama ilivyokuwa.

Rudini basi kwenye ule mlango wa hospitali. Vidole vyenye ganzi ndivyo alivyokuwa amevileta. Ndivyo daktari alivyopaswa kuviulizia, kabla ya mdomo wake. Kejeli ile ilimfunga macho daktari mwenyewe, akaacha kuona ugonjwa uliokuwa umewekwa mezani kwake. Dharau katika chumba cha matibabu inaumiza moyo, ndiyo, lakini vilevile ni uganga mbaya.

Na mtu wa namna hii anahitaji kuonwa maisha yake yote: damu yake ipimwe, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D. Akitapika siku nyingi mfululizo anaweza kuishiwa vitamini B1 na ubongo ukadhurika, kwa hiyo kutapika huko si jambo la kungoja Jumatatu. Homa, maumivu makali ya tumbo na moyo kwenda mbio katika siku na majuma ya kwanza ni safari ya usiku huo huo. Hata dawa za maumivu tunazonunua dukani kama peremende, ibuprofeni na diklofenaki, zinaweza kumtoboa kidonda tumboni, hasa yule aliyewekewa kifuko. Mtu anayehitaji ulinzi wa namna hiyo akiwekewa aibu mlangoni, aibu hiyo inaweza kumuua bila kumgusa.

Lazima niungame hapa. Miaka kadhaa iliyopita, katika ibada ya mavuno, nilihubiri juu ya ulafi. Nilisema kuna watu ambao tumbo limekuwa mungu wao, na mkono wangu ukanyooka kuelekea upande wa kwaya, alipokuwa ameketi mama mmoja mnene. Watu wakacheka. Nikaona mahubiri yamekolea. Mama yule hakuonekana kanisani kwa miezi miwili, nami nikajiambia yuko shambani. Juma hili nilitembea mpaka kwake kuomba msamaha. Alikumbuka siku yenyewe, alikumbuka wimbo ulioimbwa kabla yake, alikumbuka hata gauni alilokuwa amevaa. Alinisamehe kabla sijamaliza kusema. Nilitamani angenikaripia.

Ulafi ni dhambi, na upo. Nimewaona walafi wembamba wakila fedha za wajane. Lakini unene ni hali ya mwili yenye mizizi mingi: damu ya ukoo, dawa, mimba, usingizi, msongo, kazi ya kukaa, vyakula vya bei rahisi vilivyojaa mafuta na sukari. Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene uliokithiri kuwa ugonjwa wa kudumu. Mtu anapopungua kwa kujinyima, mwili wake wenyewe hupigana kuurudisha uzito, ukizidisha homoni ya njaa, na sehemu ya tumbo inayoondolewa katika upasuaji ule wa kwanza ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya homoni hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba aliyepasuliwa alikimbilia njia ya mkato hajui njia yenyewe. Wala si habari ya wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2014 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa na uzito uliozidi. Hao ni mama zetu, dada zetu, na wengi wao wameketi mbele yangu kila Jumapili.

Huku kwetu mtu huyu hukutana na jaribu la pili akishapungua. Sisi wa Magharibi tulizika watu wengi sana miaka ya 1990, waliokonda kwanza. Macho yetu hayajasahau. Mtu akirudi kutoka Nairobi mashavu yameshuka na nguo zinamwelea, minong'ono huanza kabla hajaketi. Mama huyu alisikia wanawake wawili wakinong'onezana nyuma ya hema la mazishi kwamba ana ule ugonjwa. Kisha chakula kikaja. Mnajua matanga ya kwetu: obusuma (ugali) kama kilima, ingokho (kuku), mrenda, na aliyepika amesimama anakuangalia. Alikula matonge matatu. Akaambiwa amekuwa wa Nairobi, chakula cha nyumbani anakidharau. Alipokuwa mnene alidharauliwa kwa kula, na sasa anadharauliwa kwa kutokula. Hakubakiwa na kiti cha kukalia kwa amani, mpaka akakimbilia benchi la nyuma kanisani.

Wako watakaosema, mchungaji, mgonjwa afanye nini, daktari ni daktari. Nawajibu kwa habari ya karibu nasi. Mwezi Agosti mwaka 2013, miezi michache tu baada ya serikali kutangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure, mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye ujia wa hospitali ya umma ya Bungoma, akapigwa makofi na kutukanwa na wauguzi. Mtu akapiga picha ya video kwa simu. Mama huyo maskini angeweza kwenda nyumbani na aibu yake. Alikwenda mahakamani. Tarehe 22 Machi 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu ya Bungoma aliamua kwamba utu wake ulivunjwa, akaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Ilichukua karibu miaka mitano. Kila mama wa Magharibi anayeingia leo chumba cha kujifungulia anatembea juu ya daraja alilolijenga yule.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 28, inasema kila mtu ana utu wa asili na ana haki ya utu huo kuheshimiwa na kulindwa. Haikuwatoa wagonjwa. Haikuwatoa wanene. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 14, inampa kila mtu haki ya kulalamika juu ya namna alivyotendewa hospitalini na lalamiko lake lichunguzwe. Na Hati ya Haki za Wagonjwa ya mwaka 2013 inakupa haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Kumwacha daktari mmoja, basi, si kuiacha tiba.

Nilimwambia mama yule tutengeneze jibu kama la Hana, na tukalitengeneza pale pale kwenye benchi, nyuma ya karatasi ya matangazo. Tuliandika tarehe ya upasuaji, aina yake, dawa anazomeza, na shida tatu kwa mpangilio wa uzito wake, ganzi ikiwa ya kwanza. Karatasi husaidia, kwa maana mtu akifedheheshwa ulimi hukauka. Tukakubaliana asiende peke yake, kwa sababu mbele ya shahidi, mwenye kejeli hujirudi. Tukayajaribu na maneno, kwa sauti, mpaka yakaacha kutetemeka: "Daktari, nakuheshimu. Sikuja kuhukumiwa kwa uzito wangu. Vidole vyangu vimekufa ganzi na nilipunguzwa tumbo miaka miwili iliyopita. Naomba unipime, na kama hutanipima, naomba uandike kwenye faili kwamba nimekuomba na umekataa." Sentensi hiyo ya mwisho ilimtoa machozi, kwa sababu hakujua kwamba mtu anaweza kusema hivyo. Wengi wetu hatujui.

Na dharau ikiendelea, kuna ngazi za kupanda. Anaanza na msimamizi wa hospitali, kwa maandishi, tarehe na saa zikiwamo, bila kutia chumvi hata punje. Asiposikilizwa, lipo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lile tunalolijua kwa herufi KMPDC. Huku vijijini anayetuhudumia mara nyingi ni afisa wa kliniki, ingawa sote tunamwita daktari, nao wana baraza lao, kama walivyo nalo wauguzi. Ni vizuri kuuliza jina na cheo cha anayekuhudumia, kwa upole, mwanzoni, kabla hakujatokea ugomvi. Kulalamika kwa kweli si kulipiza kisasi. Ni kumzuia Eli asimkemee Hana wa kesho.

Nanyi madaktari, maafisa wa kliniki na wauguzi mnaosali nasi, sikuandika haya kuwapiga. Najua zamu zenu. Najua mwaka 2017 mgomo wa madaktari ulipofika siku 100, na ule wa 2024 uliodumu siku 56, kilio chenu kilikuwa cha haki katika mengi. Mtu anayewatibu watu 80 kwa siku bila kunywa maji, moyo wake nao hukauka. Kiapo cha Geneva cha madaktari wa ulimwengu, kiliporekebishwa mwaka 2017, kiliweka utu na uhuru wa mgonjwa ndani yake, na katika marekebisho hayo hayo kikamtaka daktari aitunze afya yake mwenyewe. Waliyaweka pamoja kwa hekima. Lakini uchovu unaeleza kejeli, hauihalalishi. Marko anapomsimulia yule mama aliyetokwa damu miaka 12, hafichi kwamba waganga wengi walimtesa na kummaliza mali, hali ikazidi kuwa mbaya. Luka, ambaye Paulo anamtaja kuwa tabibu, anaisimulia habari hiyo hiyo na kuliacha lile la mateso. Mimi namwona hapo mtu anayewaonea haya wenzake wa kazi. Kuona haya ni mwanzo mzuri. Eli alikwenda mbele zaidi, akabadilisha neno lake mbele ya yule yule aliyemkosea. Wale wanafunzi wawili walioinamisha vichwa, kama mmoja wao anasoma hapa: ulichohisi siku ile kilikuwa sahihi. Usikizoee.

Kuna jambo moja katika habari ya Hana ambalo kwa miaka mingi nililipita mbio. Baada ya kuzungumza na Eli, alikwenda zake, akala chakula, na huzuni ikaondoka usoni pake. Angalieni wakati wenyewe. Mimba haikuwa imetunga. Penina hakuwa amehama nyumba. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba amesikilizwa.

Alhamisi mama yule alikwenda hospitali nyingine, mke wangu akiwa pamoja naye. Waliondoka na matatu ya kwanza. Aliyewapokea alikuwa kijana mtaratibu. Alisoma ile karatasi mpaka mwisho, akamgusa vidole kimoja kimoja akimwambia afumbe macho, akaagiza damu, na kabla hawajaondoka nesi akamdunga sindano ya B12. Majibu mengine yatakuja juma lijalo, na ganzi bado ipo. Ile barua ya malalamiko kwa hospitali ya kwanza tumeiandika, bado hajaitia sahihi. Anaisoma kila jioni.

Waliporudi walipitia kwetu. Mke wangu aliandaa mezani kama kawaida, ila mbele ya mgeni aliweka kisahani cha chai, juu yake kuku aliyechambuliwa vizuri, mrenda kidogo, na obusuma kiasi cha yai. Hakuna aliyemwambia aongeze. Alikula polepole, akitafuna sana, huku akitusimulia jinsi senge yake alivyokuwa akivuka mto Yala na kikapu kichwani bila kukishika. Alipomaliza aliomba chai, kisha akakumbuka kwamba hawezi kunywa mara tu baada ya kula, ni lazima angoje nusu saa. Mke wangu akaifunika birika kwa kitambaa. Tukangoja naye.